Ufutio Mpya

Mwanangu amefungua ufutio mpya, na ile harufu yake ya mpira wenye utamu imenirudisha kijijini Goweko, kwenye mtihani wa darasa la saba, vidole vyangu vikinuka tumbaku.

Wiki moja kabla, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Namba ya mtihani ya binti yake ilifuata yangu, kwa hiyo angekaa nyuma yangu. Huyo alikuwa akienda tuisheni wakati mimi nafunga tumbaku shambani.

"Siku hiyo egemea ukutani kidogo, mwenzako aone," alisema. "Mkichaguliwa wote shule ya vipaji, si sifa yetu sote?"

"Ndiyo, mwalimu."

Kwenye hesabu niliegemea. Niliweka kivuli kwenye majibu ya uongo, moja baada ya jingine, na penseli ya yule binti ikanifuata kama mbuzi wa kamba. Alipomaliza, msimamizi akapita, akachukua karatasi yake. Ndipo nikatoa ufutio.

Nilifuta na kujaza upya, natabasamu peke yangu. Nilipofika swali la ishirini na tisa, mengine bado ya uongo, msimamizi akasema, "Penseli chini."

Binti hakuchaguliwa. Na mimi sikuchaguliwa. Tukaenda wote sekondari ya kata, na miaka minne nilimwangalia baba yake akimleta kwa baiskeli, uso chini. Nilimwamkia kila asubuhi, kwa sauti: "Shikamoo, mwalimu!"

Mwanangu ananiuliza mbona naunusa sana ufutio wake.

"Mzuri," namwambia. "Ila ukifuta, anza mapema."