Usiulize Nani Amegonga

Habari za kifo chake zilinifikia asubuhi nikiwa Isebania, katikati ya honi za malori na kelele za wabadilishaji pesa. Aliyenipigia simu alisema tu, "Mama ametuacha. Alikuwa anakunywa uji, akaegemea ukuta, basi." Wengi wenu hamkumjua, na jina lake sitaliandika kwa sababu hakupenda kutajwa. Alikuwa mjane wa Ndhiwa aliyeacha kuuza nguo akaingia katika uchimbaji wa dhahabu kule Masara, akawa mmiliki wa shimo mahali ambapo wanawake wengi huishia kusaga mawe. Tulifahamiana kwa miaka mingi. Alikuwa mkali, mcheshi akitaka, na alikunywa chai ya rangi isiyo na sukari kana kwamba sukari ilimkosea.

Shimo lake liliwahi kuua. Upande mmoja uliporomoka na wanaume wawili wakafukiwa. Walipotolewa na kuzikwa, mchimbaji mmoja alimfuata kando ya hema la matanga akamwambia, "Mama, mimi niliona hiyo mti imepasuka asubuhi." Alimaanisha gogo lililoshikilia paa la njia ya chini. Mama akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Yule mwenye alisema mwezi jana, msimamizi alimfukuza. Na wewe ulinyamaza." Mama alinisimulia haya akitazama chini. Alisema hakuna tusi lililowahi kumwingia kama neno lile, kwa sababu lilisemwa kwa upole.

Basi akaweka sheria. Kulikuwa na bomba la chuma lililoshuka shimoni kupeleka hewa. Yeyote akiona au akihisi hatari, alisema, achukue jiwe agonge bomba mara tatu, na wote watoke. Awe mchimbaji, mvuta kamba au mpishi, asiombe ruhusa. Wiki zikapita, hakuna aliyegonga. Walidhani ni mtego. Hatimaye aligonga mama wa kupika chai. Aliona moshi ukiingia mdomoni mwa shimo akadhani mashine ya kusukuma hewa inaungua. Wanaume wakapanda juu wakihema, wakakuta moshi ni wa jiko lake mwenyewe, upepo umegeuka. Walicheka, wengine wakatukana. Mama akamshika mpishi mkono mbele ya wote. "Huyu amefanya kazi leo kuliko nyinyi," akasema. "Mkicheka yeye, kesho atanyamaza." Tangu siku hiyo bomba lilianza kugongwa.

Nilikuwepo siku nyingine, mchana wa jua kali. Tulikuwa tumeketi chini ya turubai, mimi, yeye, msimamizi na wavuta kamba. Bomba lilikuwa mbele yetu, peupe, hakuna mtu karibu nalo. Likalia. Ngo. Ngo. Ngo. Kwa utulivu, kama mgeni anayebisha hodi akijua yumo anayemtafuta. Nasi tukajua sauti imetoka chini. Wachimbaji wakaanza kutoka mmoja mmoja, wamejaa vumbi, na wa kwanza akauliza, "Mmeona nini huku juu?" Tukatazamana. Nikamwambia sisi hatukugonga, ni wao. Akatikisa kichwa. "Hapana. Ilitoka juu. Sisi wote tumesikia." Walipotimia wote, msimamizi akasimama. "Nani amegonga hiyo kitu?" Kuku waliokuwa wakidonoa kando ya jiko walikuwa wametulia tuli. Msimamizi akarudia kwa ukali, na hapo Mama akasema, "Wacha. Usiulize nani amegonga." Hakuwa amemaliza kufunga mdomo pale ardhi iliposhusha pumzi. Haikuwa ngurumo. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka kubeba, kisha vumbi likapanda kutoka shimoni likasimama hewani. Njia yote ya chini ilikuwa imekwenda.

Watu walisema ni wale wawili waliofukiwa. Wengine walisema mwamba ulisukuma bomba kabla ya kuporomoka. Mimi sijui, ingawa nilikuwa pale pale, mchana kweupe. Nilimuuliza Mama jioni, akafikiri kidogo. "Kama ni wafu, basi nao bado ni wafanyakazi wangu. Wana haki ya kusimamisha kazi." Kisha akaniambia kwa nini alimkataza msimamizi. Siku utakapoanza kumtafuta aliyegonga, alisema, kila mtu atajifunza kutogonga.

Nimelifikiria neno hilo katika ofisi na viwanja vya ujenzi vya Migori na Homa Bay. Tunaajiri mtu wa usalama, tunamvika koti linalong'aa, kisha sisi wengine tunafumba macho kwa kuwa macho ni kazi yake. Anayesema waya uko wazi tunamwita mwoga. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mara nyingi sisi ndio tuliomfundisha kuficha.

Tulimzika Ndhiwa, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Wabebaji walikuwa wamefika ukingoni mwa kaburi na mchungaji amefungua kinywa, pale mama wa chai alipopaza sauti kutoka kwa wanawake: "Rudini nyuma! Tokeni hapo!" Watu wa Masara hawakugeuka kumtafuta aliyesema. Walirudi hatua na jeneza lao, msimamizi akamvuta mchungaji kwa mkono wa joho. Udongo aliokuwa amesimama juu yake ukateleza kimya ukaingia kaburini. Shemeji mmoja aliyetoka mjini akanong'ona, "Amejuaje?" Mpishi alikuwa analia. "Sijui," akasema. "Niliona tu nyasi inainama." Msimamizi, yule aliyewahi kumfukuza mtu kwa kusema, akamwambia, "Asante, mama," akachukua koleo.

Ndugu msomaji, ukiona ufa, sema, hata kama sauti yako ni ndogo kuliko zote. Ukiambiwa kuna ufa, ondoka kwanza, na ukikuta haukuwepo, shukuru vilevile. Mengine ya siku ile ya Masara siwezi kukueleza. Najua tu kwamba wanaume waliotoka shimoni walikuwa wote pale Ndhiwa wakitupa udongo juu ya Mama, na walikuja kwa miguu yao wenyewe.