Ngitili ya Mjomba Ndani ya Uzio wa Uwanja wa Ndege

Nikifundisha usafiri wa kanda yetu huanza na reli, kwa sababu bila reli Shinyanga isingekuwa mji huu tunaoujua. Reli ilibeba pamba na ng'ombe. Ndege zilifuata almasi na dhahabu, vitu vya thamani kubwa vinavyoenea kwenye sanduku dogo. Ndiyo maana viwanja vyetu vingi vya mwanzo vilikuwa vipande vya vumbi vilivyosawazishwa karibu na migodi. Dagaa wa Nkome, kule ziwani, wanasafiri kwa lori. Huwaambia wanafunzi: ukitaka kujua uwanja ulijengwa kwa ajili ya nani, tazama kinachopakiwa.

Faida za uwanja kwa wenyeji nazifundisha haraka haraka.

Wathamini walipokuja kupima ardhi ya kupanua uwanja mmoja wa kwetu na kukadiria fidia, mjomba wangu aliniita nimtafsirie, maana Kiswahili chake ni cha mnadani tu. Eneo lake lilikuwa ngitili, yaani malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, yasiguswe mpaka kiangazi kikali, ng'ombe wanapokosa pa kwenda. Kwetu, sifa ya mwenye ngitili ni kuiacha. Ikionekana njia ya mbuzi ndani yake, majirani wanakucheka.

"Shikamoo, mzee," mthamini alisema, dada mpole mwenye fomu mkononi. "Hapa unalima nini?"

Mjomba aliitikia marahaba, akanyoosha mgongo, akajibu kwa Kisukuma. Nilitafsiri neno kwa neno: "Silimi kitu. Hachungi mtu. Hata mke wangu hakati kuni humu."

"Kwa hiyo halitumiki?"

"Mwambie tangu mvua za kwanza hakuna aliyelikanyaga!" Mjomba alicheka. "Aende kwa jirani akaone aibu!"

Nikatafsiri na hilo pia, kwa fahari. Dada akaandika: pori. Mjomba akaweka dole gumba. Yule jirani, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamelala katikati ya ngitili yake, aliandikiwa malisho, akalipwa.

Tulipokwenda kulalamika, ofisa aliifungua fomu akanigeukia.

"Mwalimu, si wewe uliyetafsiri?"

"Ni mimi."

"Ulikosea?"

Sikuwa nimekosea hata neno moja. Nilichoacha ni kueleza, mimi ambaye kazi yangu ni kueleza.

Kiangazi kilichofuata mjomba aliwaleta ng'ombe hadi kwenye uzio. Ndani, nyasi zake zilikuwa zimefyekwa na kulazwa mafungu mafungu.

"Mnazipeleka wapi?" alimuuliza mlinzi.

"Tunachoma, mzee. Zikirefuka zinaficha wanyama, ndege ikitua ni hatari. Ondoa ng'ombe."

Wanne walikufa mwezi ule. Waliobaki akaamua kuwapeleka upande wa Ushirombo, akaombe malisho kwa watu asiowajua, kwa umri wake ule. Nilimsindikiza hadi njia panda. Njiani nilianza kumtia moyo: uwanja utaleta wageni, wageni wataleta biashara, wajukuu watapata kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote.

"Mpwa wangu, unasema vizuri," alisema. "Na siku ile ulisema vizuri."

Kisha akaswaga ng'ombe wake, nami nikabaki nimesimama barabarani.