Tembo Nililolionja na Kwinini Mdomoni

Kwa karibu miaka mitatu nilionja tembo la mnazi kila siku ya Mungu, mimi niliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na hakuna mtu kijijini aliyeona ajabu. Nalisema hili mapema ili msomaji wa bara asiniwahi. Tembo likishuka mtini ni maji matamu tu, meupe kama maji yaliyooshea mchele, na mtoto mdogo hulinywa. Ukiliacha mpaka adhuhuri linaanza kutekenya ulimi. Alasiri linauma, na anayelinywa saa hiyo anajua anachokitafuta. Likilala siku kadhaa linakuwa siki, na siki ni halali, tunaitia kwenye kachumbari na samaki. Mti ni mmoja na kibuyu ni kimoja, kinachobadilisha hukumu ni saa.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Pangani, katikati ya minazi. Ilikuwa miaka ile sukari ilipopotea. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Kwa vijana nasema tu kwamba duka la ushirika lilikuwa na rafu, na mwenye kuuza, na daftari la majina yetu, lakini vitu havikuwemo. Tulifua kwa majani ya mpapai. Hamira nayo ikawa hadithi. Basi wanawake wakarudia mambo ya bibi zao: wakalichemsha tembo tamu mpaka likawa asali ya kutilia chai, na wakalitia kwenye unga wa mchele ili mikate ya kumimina na vitumbua viumuke.

Hapo ndipo likaja swali. Mama mmoja, ambaye kwa mikate alikuwa kama kiongozi wa wenzake, alinijia barazani pangu.

"Mwalimu, sisi tunapika, watu wanakula. Likiwa limeshaumuka kabla halijafika kwetu, tutajuaje? Tusije tukawalisha watu haramu na mfungo unakuja."

Nikamwambia nitazungumza na mgema.

Mgema mwenyewe nilikuwa namjua tangu utoto. Tulisoma chuo kimoja, kwa fimbo moja. Mimi nikapelekwa mbele kusoma zaidi, yeye akapanda minazi kama baba yake. Kazi ya ugema haikuwa na heshima. Watu walimwona kila mgema ni mlevi, hata yule asiyeonja, na mtu wa kumwoza mgema binti yake alikuwa wa kutafutwa. Huyu rafiki yangu alisali nyuma kabisa msikitini, karibu na viatu. Hakuna aliyempeleka huko. Alikaa huko mwenyewe.

Tulipatana hivi. Baada ya sala ya alfajiri angepanda na kuteremsha vibuyu vilivyolala mtini, na hilo la usiku angeliweka kando liwe siki. Angetundika vibuyu safi, na kile kilichodondoka asubuhi pekee ndicho angekileta kwangu saa tatu, kimefungwa kitambaa kilichochovywa maji, kisipigwe na jua njiani. Mimi ningeonja mbele ya wanawake. Likiwa tamu wachukue, likiwa limeanza kuuma lirudi.

Nilidhani kuonja ni kuonja tu. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Wewe unakijua kitabu, mimi nakijua kibuyu," alinambia. "Usionje umetoka kunywa chai ya tangawizi. Sukutua kwanza. Kisha usimeze haraka, liache chini ya ulimi, likuambie lenyewe. Na kabla ya yote weka sikio hapa mdomoni mwa kibuyu. Likikaa kimya ni zima. Ukisikia shhh, limeshaanza safari."

Nikajifunza. Nikajua tembo la karara jipya, lile kole changa la maua linalokatwa, ambalo lina harufu ya jani bichi, na la karara lililochoka, ambalo utamu wake ni mzito na haukai. Nikajua kibuyu kilichooshwa kwa maji ya moto kikaanikwa juani kifudifudi, na kile kilichosuuzwa kwa haraka. Mabaki kidogo tu ya jana yakibaki ndani, tembo la leo linazeeka kwa nusu siku. Siku moja nilimwambia, "Hiki cha tatu hukukianika," akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mvua ilininyima jua, mwalimu. Utanipeleka mahakamani?"

Wanawake nao hawakuniacha. Nikichelewesha kata mdomoni, mmoja atasema, "Jamani, shahidi gani huyu anakula ushahidi wote?" Na wengine wanacheka khanga ziko mdomoni.

Basi jina la mgema likapanda. Wanawake walikuwa wakiulizana njiani, "La mwalimu hilo? Ameonja?" "Ameonja." Ikawa ndiyo barua yake ya utambulisho. Watu wakaanza kumtangulia kwa salamu. Ijumaa moja nilimwona amesogea safu ya pili, amekaa wima kama mtu anayeogopa kuambiwa rudi. Hakuna aliyemwambia rudi. Kwa mtu aliyesali miaka yote karibu na viatu, hilo halikuwa jambo dogo, na mimi nililijua.

Kisha nikaugua homa. Zahanati ilikuwa na mganga na haikuwa na dawa. Siku ya tatu jamaa aliyevuka mpaka wa Horohoro akitoka Mombasa aliniletea vidonge vya kwinini, nikavimeza bila kubakisha. Homa ikapungua. Asubuhi iliyofuata nikasikia wanawake wamefika barazani, wengi kuliko kawaida, kwa sababu kesho yake kulikuwa na maulidi na mikate ilitakiwa mingi. Mke wangu akanishika mkono.

"Lala. Waambie leo wachukue tu, mtu mwenyewe anajulikana."

Ningemsikiliza. Lakini nilijiona mtu wa amana, nikavaa kanzu nikatoka.

Niliinama, nikaweka sikio kwenye kibuyu. Shhh. Nikaweka kwenye cha pili. Shhh, kwa nguvu zaidi. Nikachukua kata, nikaonja. Lilikuwa chungu, chungu cha kukausha koo. Cha pili hivyohivyo. Nikatema.

Ningesema tu, "Leo lirudi." Huo ndio uliokuwa mpaka wa kazi yangu. Badala yake nilisema, na wote wakasikia, "Hili limelala. Umechanganya na la jana."

Akanitazama. Jasho la mtini lilikuwa bado mgongoni.

"Mwalimu, onja tena."

"Nimeonja."

"Onja tena, nakuomba."

"Nimeonja mara mbili. Ondoa vitu vyako."

Kuna methali ya mgema na sifa ambayo kila mtoto wa pwani anaijua, na nadhani ilikuwa imemngoja mtu yule tangu azaliwe. Mwanamke mmoja nyuma alianza tu, "Si mlimsifu nyinyi," hakuhitaji kumaliza. Yule mama wa mikate akasema kwa sauti ya chini, "Na maulidi kesho. Hakuogopa hata maulidi." Mgema akavifunga vibuyu vyake kimoja kimoja, kwa utaratibu, akavibeba akaondoka. Hakujitetea zaidi. Mtu aliyezoea kukaa nyuma hajui kubishana mbele za watu.

Mchana mke wangu alinipa uji. Nikamwambia umeungua, ni mchungu. Akaonja, akasema uko sawa. Nikaomba maji. Maji nayo yakawa machungu. Nikamuuliza kwa nini kuna mtu anakoroga kitu nje, shhh, shhh, muda wote.

"Hakuna mtu nje," alisema. "Ni kwinini hiyo. Inakausha mdomo na kuvumisha masikio. Baba yangu ilimfanya hivyohivyo." Akaniangalia kidogo. "Na lile tembo la watu?"

Nilijua saa ileile.

Naandika sasa nikiwa mzee, na nimejaribu kutafuta neno la kunipunguzia, sikulipata. Nilisema moyoni ningoje nipone. Nilipopona nikasema ningoje Ijumaa. Ijumaa ilipofika nikawaza: nikisema nilikosea leo, watauliza na zile siku nyingine, ni mangapi niliyopitisha yasiyofaa wakayala? Nikajiambia nalinda nyoyo za watu. Kumbe nilikuwa nalinda kanzu yangu. Ijumaa ya tatu nilimwona amerudi karibu na viatu, na ya nne hakuwepo.

Wanawake walipata tembo kwa mgema mwingine wa kijiji cha jirani, na lake sikuombwa kuonja. Rafiki yangu, kwa kuwa tumbo halingoji, akaanza kulipeleka la jioni kwenye vibanda vya walevi njia ya Tanga. La jioni halina haja ya kibuyu safi. Nilisikia watu wakisema, "Mnaona? Ndiyo tabia yake," na mimi niliyekuwa nimempeleka huko nilikuwa miongoni mwa wanaosikiliza.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Sukari ikarudi madukani, hamira ikarudi, mipaka ikalegea, na bia zikaja kwa malori. Tembo tamu likawa kitu cha kukumbukwa tu. Shamba alilokuwa akigema likauzwa na mwenye shamba, minazi ikakatwa. Mimi nikahamia Nguvumali, mjini Tanga, kwa binti yangu, na nikasikia kwamba mgema naye yuko mjini, analinda stoo ya bia. Ilinichukua zaidi ya mwaka mzima kwenda, na ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Nilimkuta kwenye kiti kivulini, ndevu nyeupe. Tukatoleana salamu.

"Umekuja kuonja, mwalimu?" Akanipindulia kreti tupu. "Kaa. Halina najisi, ni plastiki tu."

Nikakaa. Hakuniuliza nilichofuata. Akanionyesha kazi yake, kama zamani alivyokuwa akinionyesha vibuyu.

"Hizi nazo zinazeeka, usifikiri. Zikishushwa zikapigwa jua siku mbili, wanywaji wanazirudisha. Wanasema zina ladha ya karatasi iliyolowa. Mimi sijazionja, nasikia kwa wenyewe. Kazi yangu kuzisogeza za zamani mbele zitoke kwanza, na jua lisiziguse." Akachukua chupa moja, akaigeuza. "Lakini tazama hapa. Tarehe imepigwa. Mnywaji anasoma mwenyewe. Hana haja ya kuuliza kama kuna mtu ameonja."

Nikamwambia. Nilimwambia kwinini, na masikio, na uji.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Mchana uleule."

Akaiweka chupa chini.

"Mchana uleule," alisema. "Mimi miaka yote nilidhani ulikuja kujua baadaye. Nilijua umekosea, macho yako yalikuwa ya njano. Nikamwambia mke wangu, mwalimu mgonjwa, akipona ataniita. Nikaosha vibuyu, nikangoja."

"Nisamehe."

"Mimi nimesamehe. Lakini si mimi uliyeniambia maneno yale. Uliwaambia wao."

Hilo lilikuwa haki. Wiki ileile nilipanda gari kwenda kijijini. Katika wanawake wa asubuhi ile wengine walikuwa wamekufa, wengine wameolewa mbali. Nilimpata yule mama wa mikate, mzee sana, anachekecha unga mlangoni. Mikate yake sasa ilikuwa ya hamira ya kopo. Nikaketi karibu naye.

"Dada yangu, unamkumbuka mgema tuliyekuwa tukimwonjea tembo?"

"Yule aliyekuwa akichanganya."

"Hakuchanganya. Nilikuwa na kwinini mdomoni. Mimi ndiye niliyekosea, na nilijua, na nilinyamaza."

Aliacha kuchekecha. Macho yakamlegea kwa huruma.

"Mwalimu, Mungu akuzidishie. Mtu wa dini ndivyo anavyokuwa. Aibu ya mwenzio umeibeba wewe."

"Sibebi aibu ya mtu. Nakwambia kweli."

"Najua. Unamsitiri, na atakayemsitiri mwenzake naye atasitiriwa. Usiape, nakuomba, usije ukapata dhambi kwa ajili yake."

Niliapa. Akaziba masikio kwa khanga, anatabasamu, kisha akanifungia mikate miwili nipeleke nyumbani. Nilipokuwa natoka nilimsikia akimwambia jirani yake wa ng'ambo ya ukuta, "Umemwona mwalimu? Watu wa namna ile wamekwisha."

Nilirudi kwa mgema nikamweleza yote, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimeshaficha vya kutosha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi umepata na thawabu," alisema. "Hata hiyo imekwenda kwako."

Hakusema kwa hasira. Lori lilipiga honi nje, akachukua ufunguo akaenda kufungua geti, na hakurudi kukaa.

Mwenyezi Mungu amenipa umri mrefu, nami namshukuru kwa pumzi ninayovuta. Yule mama ametangulia, na mgema ametangulia pia. Kijijini wapo bado wanaowakumbuka wagema wa zamani, na wakimfikia rafiki yangu wanasema alikuwa hodari wa kupanda, ila alikuwa akichanganya. Mimi wananitaja kwa wema.