Siagi ya Elema

Elema alizaliwa chini ya mti wa kahawa, wala sitii chumvi. Uchungu ulimshika mama yake, Loko, akiwa anachuma, na wanawake wa huko kwao Uraga wakamzalisha palepale. Miti hiyo ndiyo aliyorithi, naye aliipenda kuliko ng'ombe.

Mumewe Godana, mtu mwema ila mbishi kupindukia, alikuwa ameichoka. Majirani waling'oa miti ya kahawa wakapanda miraa, nao wakawa wanavuna mwaka mzima. Basi naye akaleta miche ya miraa, akaipanga nyuma ya nyumba, akatangaza kwamba kahawa ya msimu huu ikionjwa na kukataliwa tena kama ya msimu uliopita, anashika jembe aing'oe. Elema alikubali, kwani angefanyaje?

Akailea kahawa ile kama yatima. Hakuimenya. Aliitandaza na nyama yake nyekundu juu ya kichanja, kwenye uwanja wa kuanikia wa kijiji, akawa anaigeuza kwa mikono umande ukishakauka, na kuifunika jua likizidi. Matunda yakasinyaa, yakawa meusi, yakaanza kunukia asali. Pale kila mtu anajua kwamba kahawa inayokauka hunywa kila harufu inayoipitia: moshi, vitunguu, na mbaya kuliko zote, siagi ya kichwani. Mwanamke aliyepaka nywele siagi hasogelei vichanja.

Siku ya kumpa mjukuu jina, Elema alipakwa siagi mpaka ikamchuruzika shingoni, kama inavyompasa bibi. Sherehe imenoga, mvua ikaja bila hodi. Akatoka mbio kwenda uwanja wa kuanikia. Akakuta nailoni iliyofunika kichanja chake imepasuka pembeni, akavua kitambaa cha kichwa, akakisokomeza kwenye tundu, akakilalia kwa kifua hadi mvua ikapita. Ndipo aliponusa mikono yake: siagi.

Angeweza kunyamaza. Lakini mficha uchi hazai. Akamwendea Bontu, binti aliyesimamia uwanja ule na kuonja kahawa ya wakulima, akamweleza yote.

"Sasa shangazi," Bontu akacheka, "ulikuwa unaianika au unaikaanga?"

Alipomwona Elema hacheki, naye akaacha. Wakayachota matunda yote yaliyokuwa chini ya kitambaa na yaliyokuwa karibu nayo, wakayatia kikapuni, Elema akayapeleka nyumbani. Kuhusu yaliyobaki, Bontu alisema Mungu ndiye ajuaye.

Siku ya kuonja Godana naye alikuja, akakaa karibu na mlango. Bontu alizikaanga buni kidogo tu, zikaishia rangi ya mdalasini, na Godana akanong'ona kwamba wasichana wa siku hizi hata kukaanga hawajui. Bontu akazisaga, akazitia kwenye karatasi ya kuchujia, akamimina maji ya moto polepole. Ikadondoka kahawa nyekundu, angavu, unaona mpaka kitako cha kikombe. Bontu akaonja. Akampa Godana.

"Hii chai," Godana akasema, akanywa. Akanywa tena. Elema alikuwa akingoja kwa hofu neno moja tu, siagi.

"Mama Boru," Godana akamwambia mkewe hatimaye, "siku niliyokuja kukuposa, mama yako hakuwa na cha kunipa. Akanichumia matunda mabivu, akanijaza mkononi. Niliyafyonza njia nzima." Akakitazama kikombe. "Ni haya haya. Yule mama tulishamzika, na ni haya haya."

Elema akapokea kikombe. Tangu aachishwe ziwa amekunywa kahawa kila siku, yenye chumvi, yenye siagi, wala hajawahi kukutana na kitu hiki. Lilikuwa tunda lenyewe, bivu, kama limechumwa sasa hivi. Mwili ukamsisimka, akaogopa kwa furaha. Jua lote lile lililipiga tunda lile, na halikuchukua kitu.

Bontu akasema kahawa imepita, tena imepita mbali. Godana hakungoja zaidi, akatangulia nyumbani.

Elema alipofika alikitoa kile kikapu, ayakaange matunda yale kwa siagi kwa ajili ya baraka, kama ilivyo desturi yao, maana katika kukaanga siagi si kosa. Akaenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni. Mbuzi walikuwa ndani ya miche ya miraa, wameshaimaliza nusu. Akaokota fimbo, na Godana, aliyekuwa ameegemea ukuta, akamshika mkono.

"Waache wale," akasema. "Mimi ndiye niliyewafungulia."