Anko Giza, watoto wa Mbagala wanakusubiri

Jamani, mie bado nakataa. Simu ikiita nadhani ni Hamisi, ananiuliza kama feni nimeipakia.

Kwa msiomjua: Hamisi ndiye aliyetufundisha kazi sote tunaopeleka nyota mashuleni. Lile hema jeusi la kupuliza kwa feni, watoto wanaingia wakitambaa, tunazima taa, nyota za projekta zinawaka juu, tunapiga nao stori. Hakuna rekodi, ni sauti yako tu. Watoto walimwita Anko Giza. Presha imemchukua Alhamisi, Ijumaa tukamzika hapa Temeke.

Training zake zilikuwa vituko. Ofisini Kinondoni anakufunika khanga kichwani, anakwambia ongea. "Gizani sura yako haina kazi, sista. Hata ucheke vipi hawakuoni."

Halafu anajifanya mtoto msumbufu wa Buguruni. "Anko, jua linalalaga wapi? Anko, huyu kanikanyaga! Anko, nataka kukojoa!" Mtu mzima na kitambi chake. Tunacheka mpaka khanga zinadondoka.

Ila kwenye maswali hakuwa na utani. Mtoto akiuliza, mrudishie yeye na wenzake, kisha funga mdomo, subiri. Mie kusubiri siwezi. Kimya kikizidi kidogo najibu mwenyewe. Hamisi anapiga meza: "Ushamnyang'anya! Swali lilikuwa lake."

Hiyo ndo feedback yake kila wiki, na nilikuwa nanuna kweli.

Jana bosi kanipigia. Shule ya Mbagala, ile ambayo Hamisi aliwaahidi watoto atarudi kuwaonyesha mwezi, haiahirishwi. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Sasa aende nani?" Nikaenda kupakia feni.

Leo nimeingia hemani. Zipu ikishafungwa hutoki ovyo, ukiiachia wazi upepo unakimbia, hema linawaangukia watoto. Nimekaa katikati yao, natamani kuchana kitambaa nikimbie. Nimeshawahi kukwama kwenye lifti Kariakoo, wallahi afadhali ile.

Nimewasha nyota tu, kabinti kamoja kakauliza, "Anko Giza yuko wapi?"

Kumbe hawajaambiwa! Kudanganya siwezi, kusema siwezi, kutoka siwezi. Mdomo ukafanya ulichofundishwa: "Nyie mnaonaje, yuko wapi?"

Nikanyamaza. Hamisi, kimya kile ungekipenda.

Kakasema, "Kachelewa tu. Tumsubiri." Hema zima likaitikia, "Tumsubiriii!"

Kwa mara ya kwanza sikumnyang'anya mtoto jibu lake. Tukasubiri wote, mie machozi yananitiririka, bahati nzuri sura yangu haina kazi mle. Mwalimu wao kasema atawaambia kesho. Na mie nitarudi, sitaki wajue halafu nisionekane tena.

Lala salama, Anko Giza. Kusubiri nimejifunza braza, ila wewe ndo hurudi.