Mwalimu Wetu na Hesabu za Sehemu

Juzi nilikwenda Kona ya Musa kununua dawa ya magoti, na kwa kuwa miguu hainisikii tena, niliomba kukaa kidogo kwenye kibao nje ya duka la vitabu. Ndani mlikuwa na rafu nzima ya vitabu vya marudio ya mtihani, kila somo na rangi yake. Binti muuzaji akaniamkia kwa heshima, kisha akaniuliza, "Nyanya, unamtafutia mjukuu wa darasa la ngapi?" Nikamwambia simtafutii mtu, nimechoka tu. Akaniletea maji ya kunywa. Nikakaa pale nikivitazama vile vitabu, nikahisi uchovu ambao haukuwa wa magoti.

Nikwambie, basi, wewe unayenisikiliza. Sisi tulisoma masomo manne, na kitabu cha kila somo kilikuwa kimoja kwa darasa zima.

Ilikuwa Gazi, katika miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Shule yetu ilikuwa banda la udongo lililoezekwa makuti, na mvua ikinyesha tulisogea upande mmoja kama kuku. Upepo ukivuma kutoka baharini ulituletea harufu ya matope ya mikokoni, na mchana kutwa tulisikia mashoka ya wakata boriti, kwa mbali, ko, ko, ko. Darasa la nne tulikuwa kumi na wawili, na msichana nilikuwa mimi peke yangu. Mwenzangu mmoja alikuwepo mpaka darasa la tatu, akaposwa.

Mwisho wa darasa la nne kulikuwa na mtihani wa kuingia shule ya kati. Nafasi zilikuwa chache mno, na watoto walioziwania walitoka pwani nzima ya kusini, wa Msambweni, wa Diani, na wa bara kule Mkongani. Ukishinda, unaendelea. Ukianguka, shule imekwisha, unarudi nyumbani kwenu na unalojua ndilo hilo.

Mwalimu wetu aliyaandika masomo hayo manne juu ya ubao na hakuyafuta mwaka mzima: Hesabu, Kiswahili, Kiingereza, Maarifa. Maarifa ndiyo yaliyokuwa na kila kitu, kuanzia mito ya nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezijua, hadi namna ya kuchimba choo.

Alikuwa kijana bado yule mwalimu, ingawa kwangu wakati huo alikuwa mtu mzima kabisa. Kwao kulikuwa Mkongani. Alipanga chumba kwa jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa mpishi wa Wazungu Diani. Shati alilokuwa nalo ni moja jeupe, akilifua Ijumaa na kulianika juu ya ua wa makuti, na sisi tukilijua lilivyo kama tulivyoijua bendera ya shule.

Mimi nililelewa na nyanya yangu, mama yake baba. Kabla ya shule nilikuwa nimeshateka maji mara tatu, nimefagia uwanja, nimekuna nazi. Nikirudi, kuna ukili wa kusuka, kuna kunde za kuambua. Nyanya hakuwa akikataza shule, lakini pia hakuwa akinipunguzia kazi kwa sababu ya shule. Nilisoma Kiswahili nikiwa na kitabu magotini na mbuzi ya kukunia nazi chini yangu, na mpaka leo nikisoma shairi husikia ladha ya tui.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, jirani yule mpishi aliniita. Alikuwa ametandika jamvi barazani. "Mwalimu wako ameniomba nimnoe Kiingereza," akasema, "nikamwambia kama ni kunoa, nitawanoa nyote wawili kwa jiwe moja. Kaa."

Mwalimu alikuwa amekaa pale pale juu ya jamvi, miguu amekunja, daftari mkononi. Nikaona haya, nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Hapa mimi ni mwanafunzi kama wewe."

Ndipo nilipojua. Mwalimu wetu hakuwa amepita chuo. Alichukuliwa kufundisha kwa sababu hakukuwa na mwingine. Sasa mkaguzi wa shule alikuwa amemwambia wazi: kuna mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, nao masomo yake ni yale yale, Hesabu, Kiswahili, Kiingereza na Maarifa, yakiwa magumu zaidi kidogo. Akishinda, atakwenda kusomea na kurudi mwalimu kamili. Akianguka, mwakani atakuja mwingine mahali pake.

Basi miezi ile yote tulisoma pamoja juu ya jamvi la mpishi. Kiingereza cha mzee yule kilikuwa cha jikoni, na tulijua kuomba radhi kwa supu iliyopoa kabla ya kujua kuulizia njia. Mwalimu alikariri kila neno kwa dhati. Alitoka jasho. Wakati mwingine mpishi alituletea mihogo ya kuchemsha na pilipili, tukala watatu kwenye sahani moja, na nilimwona mwalimu wangu akila taratibu sana, macho yakiwa bado daftarini.

Kiingereza alikuwa akikiweza. Kilichomshinda kilikuwa hesabu, na hasa hesabu za sehemu. Kujumlisha na kuzidisha alifanya bila taabu. Ila kugawanya sehemu kwa sehemu alikuwa akikufanya kama kuzidisha. Aliandika ubaoni: nusu, gawanya kwa robo. Kisha akazidisha juu kwa juu na chini kwa chini, akapata moja ya nane. Akageuka. "Mmeona?" Sote tukaitikia kwamba tumeona.

Mimi sikuona. Jioni ile nilikuwa jikoni, nyanya ananipimia mchele. Alikuwa na kibaba cha bati, na vikombe viwili vidogo, kimoja cha nusu kibaba na kimoja cha robo. Nikamuuliza, "Nyanya, katika nusu kibaba mna robo ngapi?"

Akanitazama kama nimepatwa na homa. "Mbili. Wewe hukuwahi kupima mchele humu ndani?"

Nikajaza kikombe cha nusu, nikamimina kwenye robo, nikamwaga, nikamimina tena. Mbili. Haikuwa moja ya nane kwa namna yoyote. Nikakaa nikawaza mpaka nikaelewa: kwa kuwa kibaba kizima kina robo nne, kugawanya kwa robo ni sawa na kuzidisha kwa nne. Ile sehemu ya pili inageuzwa, ya chini inakuja juu. Nilifurahi kiasi cha kutaka kupiga kigelegele.

Kesho yake niliandika mbili katika daftari langu. Mwalimu alipita, akatia alama ya kosa kwa penseli nyekundu. Hesabu zangu zote tano zilikuwa na alama hiyo. Akanitoa mbele, akanichapa viboko viwili kiganjani, si kwa hasira, kwa huzuni zaidi. "Nakutegemea wewe," akasema. "Wewe usikose sehemu."

Nyanya aliuona mkono wangu nilipokuwa nikishindwa kushika mchi. Nikamweleza yote. Akaendelea kupepeta mchele, kisha akasema, "Mtoto hamsahihishi mwalimu wake, mwanangu. Utamvunjia heshima mbele za watu, na heshima ndiyo pekee aliyo nayo. Nyamaza."

Nikanyamaza. Kuanzia siku hiyo nilijifunza kuandika majibu mawili. Darasani niliandika lake, na mchangani nyuma ya jiko niliandika langu. Hata juu ya jamvi, yeye na mimi tukiwa bega kwa bega, nilimwona akirudia kosa lile ukurasa baada ya ukurasa, na ulimi wangu ukawa mzito kama umetiwa nanga. Na wenzangu kumi na mmoja nao sikuwaambia. Nilijiambia watanicheka. Nadhani pia, na hili nimelikubali uzeeni, kwamba nafasi zilikuwa chache.

Mtihani wetu ulifanyiwa Msambweni. Tulitembea asubuhi na mapema, mwalimu mbele, sisi nyuma tumebeba kalamu zetu ndani ya vitambaa. Alitukagua kucha mlangoni. Akatuombea dua. Karatasi ya hesabu ilikuwa na maswali manne ya kugawanya sehemu. Nikayafanya kwa kibaba cha nyanya. Nilipotoka alikuwa amesimama juani, shati lake limeroa mgongoni.

"Zile za sehemu?" akaniuliza.

"Zilikuwepo, mwalimu."

"Ulizifanya kama nilivyokufundisha?"

Nikasema ndiyo. Akafunga macho, akasema, "Alhamdulillahi."

Juma lililofuata alikwenda Mombasa kufanya wake.

Matokeo yalikuja karibu pamoja. Alitukusanya bandani, akasimama wima, akataja jina langu kwamba nimeshinda. Nikasubiri jina la pili. Halikuja. Sisemi wale wenzangu waliangushwa na sehemu peke yake. Masomo yalikuwa manne. Lakini sisemi pia kwamba hazikuwaangusha. Mmoja aliinama, akaanza kuchora mchangani kwa kidole cha mguu. Kisha mwalimu akasema, kwa sauti ile ile, "Na mimi pia nimeanguka. Kiingereza nimefanya vizuri. Hesabu haikufika." Hakuna aliyecheka. Alichukua kitambaa, akafuta ubao wote, pamoja na yale maneno manne ya juu.

Siku aliyoondoka alikuja kumuaga nyanya. Alimshukuru kwa kunilea. Akanipa daftari lake la Kiingereza, lililojaa maneno ya jikoni yaliyoandikwa kwa mkono mzuri, akanambia, "Usome kwa ajili yetu sote." Nyanya akampa mkungu wa ndizi. Alipokwisha kutoweka njiani, nyanya aliingia ndani, na chakula cha mchana siku hiyo hatukukimaliza.

Nilikwenda Mombasa, nikakaa kwa shangazi yangu, nikasoma. Mambo ya huko ni marefu na mengine hayana maana. Nikaingia chuo cha ualimu, kile kile alichokitaka yeye. Nilipomaliza, na nyanya yangu ameshafariki, nilifunga safari kwenda Mkongani. Nilikuwa nimebeba jambo hili muda mrefu, na lilikuwa limenichosha.

Nilimkuta shambani, anapalilia mihogo. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijamwamkia, akaangusha jembe. Tuliulizana hali, wa nyumbani, wa Gazi, aliyekufa na aliyebaki. Mkewe akaleta madafu. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote, kibaba, viboko, majibu mawili, na ule uongo wa Msambweni.

Akaokota kijiti, akanipa. "Nionyeshe."

Nikachora chini: nusu, gawanya kwa robo. Nikaigeuza ile ya pili. Akaangalia kwa muda mrefu, amechuchumaa, mikono juu ya magoti.

"Kumbe ni kuigeuza tu," akasema.

"Ni hilo tu, mwalimu."

"Na ulijua tangu siku ile niliyokuchapa."

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe. Niliogopa kukwambia."

Alitikisa kichwa. "Mimi nilikuona ulivyokuwa ukiandika jibu langu. Ulikuwa ukiliandika haraka, kama mtu anayemeza dawa. Nikajua kuna kitu. Mara ngapi nilitaka kukuuliza pale barazani! Nikawaza, watoto wakisikia kwamba mwalimu kamuuliza msichana mdogo, itakuwaje? Basi tuliogopa sote wawili."

Akanyoosha mkono akachukua kijiti. "Nipe nyingine," akasema.

Nikampa. Akaigeuza, akapata. Nikampa ngumu zaidi, akapata. Alizifanya moja baada ya nyingine mpaka mchanga wote mbele ya mlango ukawa na hesabu, na mkewe akapita pembeni, pembeni, asizikanyage. Tuliacha adhana ya alasiri ilipoadhiniwa. Akasimama kwa taabu, akajipangusa mavumbi, akanambia niwape wanafunzi wangu salamu zake.

Sasa naye hayupo. Banda la shule lilianguka zamani, na mahali pake nilikuta minazi iliyokwisha kuzeeka. Mpishi, jamvi lake, kibaba cha bati ambacho sijui nani alikichukua siku ya matanga ya nyanya, vyote vimekwenda. Katika wale wenzangu kumi na mmoja najua wawili walio hai, na tukikutana huulizana habari za miguu na shinikizo la damu. Hawajawahi kuniuliza ilikuwaje nikashinda mimi. Nami sijawahi kuwaambia, ingawa kila tukiagana hurudi nyumbani nimechoka zaidi kuliko safari yenyewe.

Ile heshima tuliyolelewa nayo, inayomfanya mtoto amwone mkubwa anapotea njia na anyamaze, siku hizi watu husema imepotea, na husema kwa masikitiko. Mimi hukaa kimya wakisema hivyo. Sijui niililie au nishukuru.

Nilifundisha hesabu za sehemu mpaka nilipostaafu. Kila mwanzo wa mwaka niliwaambia watoto maneno yale yale: nikikosea ubaoni, inua mkono, sitakuchapa, sitakasirika. Walinitazama kwa adabu, wakaitikia kwa pamoja kwamba wamesikia. Mikono iliyowahi kuinuka katika miaka yote hiyo naweza kuihesabu kwa vidole, na nilikosea mara nyingi kuliko hapo.