Maneno Uliyopewa Mwerezi

Usimcheke Velma. Hapa kijijini kwetu, kisiwani Vancouver, upande huu unaopigwa na mawimbi, wengi walimcheka, na hao hao ndio waliokuja baadaye kumuuliza njia. Mwanawe Rodi alizama miaka miwili iliyopita, na Velma akaanguka kitandani. Nesi wa zahanati alimpa vidonge, vikamsaidia kulala. Kuamka ndiko kulikomshinda, mpaka siku alipojikokota hadi kwenye mwerezi wa bibi yake, ule wenye kovu refu la gome lililobanduliwa kabla yeye hajazaliwa. Akauegemezea kichwa, akasema yote. Tangu hapo haikupita siku asiende.

Bibi alikuwa ameacha sharti moja: maneno unayopewa mti ni ya mti. Ukimkuta mtu anasema nao, geuka urudi, wala usiulize. Ukoo mzima ulilishika.

Mume wa Velma, Delbert, dereva wa basi la shule, hakuwa na habari na mambo hayo. Mtu wa mizaha huyo. Hata msibani, akiwepo yeye, hukosi kucheka. Velma alipokuwa kitandani, ndiye aliyepika, ndiye aliyefua, ndiye aliyepokea wageni. Kila asubuhi Velma akivaa buti, yeye yuko jikoni anakaanga mikate.

"Mume mwenzangu wa msituni hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Yeye angalau hakoromi."

"Ana bahati zake. Mimi nababuka na mafuta, yeye anapewa siri!"

Mwezi Juni, wakati utomvu umepanda na gome la kusukia vikapu linabanduka vizuri, Velma alisahau kisu chake pale mtini. Akakirudia saa nne. Pembeni ya njia ya malori ya magogo akaliona basi la njano, tupu, mlango wazi. Akadhani limeharibika. Akaingia msituni, tayari ana neno la kumtania mumewe. Ndipo akasikia sauti.

Delbert alikuwa amepiga magoti, paji la uso limegusa lile kovu.

"Nimechoka," alikuwa akisema. "Kila siku nikishamshusha mtoto wa mwisho, nafikiria kutorudi nyumbani. Nafikiria kufa. Velma sasa kapona, anaweza kubaki peke yake. Nilikuwa nangoja hilo tu."

Lo! Velma alipigwa na butwaa. Delbert? Delbert huyu anayeimba akiosha vyombo? Miguu ikageuka yenyewe kurudi, maana ndivyo alivyolelewa, na sharti ni sharti. Akapiga hatua mbili za kurudi, Mungu amsamehe, hatua mbili nzima. Kisha hasira zikampanda: kwa bibi, kwa mti, kwa nafsi yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa ameyaficha nyuma ya kicheko, na yeye mkewe akacheka pamoja naye.

"Delbert!"

Akashtuka, akageuka. "Umesikia?"

"Nimesikia yote."

"Hairuhusiwi, Velma. Bibi yako mwenyewe ndiye..."

"Bibi atanisamehe. Mti huu una masikio, mume wangu, lakini hauna miguu. Hautakimbia kumwita nesi. Mimi ninayo. Inuka."

"Watoto wananingoja saa nane."

"Atawachukua mwingine. Inuka, nimekwambia!"

Sauti ilikuwa kali, lakini machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Delbert akainuka. Velma akamshika mkono, hakuuachia mpaka zahanati.

Nesi alipowaona, akavuta faili la Velma kabla hajaulizwa kitu. "Velma, si tulisema Ijumaa?"

"Si mimi," Velma akasema, akamsogezea Delbert kiti.

Nesi akalirudisha faili. Wiki iliyopita tu mtu huyu alimchekesha hadi akashika mbavu. Akafunga mlango, akaketi karibu naye.

"Imeanza lini, Delbert?"

Delbert akavua kofia yake ya udereva, akaiweka magotini.

"Wiki ya mazishi," akasema.

Velma akamgeukia. Wiki ile Delbert alikuwa ameburuta godoro hadi mlangoni pa chumba, akala pale, akalala pale, ili yeye Velma asitoke akaenda kujidhuru.